Wenye kumbi na vibanda vya muvi Mwanza na Kanda ya Ziwa, mnatuuzia giza!

Wakuu, habari za majukumu.

Kila muvi kubwa ikitua huku, maoni ya mtandaoni ni yale yale: giza tupu, waigizaji wananong'ona, mwisho haueleweki. Halafu anatukanwa mwongozaji. Sasa tuseme ukweli, mara nyingi muvi haina kosa lolote. Kosa liko kwenye chumba cha projekta, na tiketi tumelipa.

Chukueni Sinners ya Ryan Coogler, ya Aprili 2025. Imepigwa kwa filamu pana ya milimita 65, na aliyeshika kamera ni Autumn Durald Arkapaw. Sehemu kubwa ni usiku, ndani ya klabu ya muziki Mississippi, mwaka 1932. Ngozi nyeusi, mwanga wa taa hafifu. Kwenye skrini yenye afya unaona jasho kwenye paji la uso na uzi wa kofia. Kwenye skrini mbovu unaona meno na macho, basi.

Kiwango cha kimataifa cha skrini ya sinema kinajulikana: kandela 48 (kandela ni kipimo cha mwanga) kwa kila mita ya mraba, ikipigwa nyeupe tupu. Hakifikiwi kwa sababu taa ya projekta imechoka na hakuna anayetaka kununua nyingine, au kioo cha dirisha la projekta kina vumbi la miezi. Mbaya zaidi ni kile kichujio cha 3D, yaani cha muvi za kuvaa miwani, kuachwa mbele ya lenzi wakati muvi inayoonyeshwa ni ya kawaida. Kichujio hicho peke yake kinakula zaidi ya nusu ya mwanga! Kukitoa inawezekana, lakini mtu anaona uvivu. Kupima ni rahisi: geuka utazame dirisha la projekta. Kwa baadhi ya projekta, ukiona miale miwili imepandana, mmoja juu ya mwingine, na wewe hukupewa miwani, ujue mmeibiwa.

Sauti ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Mazungumzo ya muvi hutoka spika ya kati, ile iliyo nyuma ya skrini. Spika hiyo ikifa au ikikwaruza, muziki unatikisa viti lakini maneno yanazama. Kuna na hili: mashine ya sauti ya ukumbi ina namba, na wachanganya sauti hupima muvi ikiwa kwenye 7. Matangazo yakipiga kelele, watazamaji wanalalamika, fundi anashusha mpaka 4.5, kisha muvi inaanza na hakuna anayepandisha. Oppenheimer ya 2023 ina dakika 180, na karibu zote ni watu kuongea. Ukiishusha hivyo umebakiza nini?

Fremu nayo. Muvi zinakuja kwa vipimo viwili, flati na skopu (skopu ndiyo pana zaidi), na jina la faili lenyewe huwa na herufi F au S. Ni kusoma tu! Muvi ya flati ikipigwa kwa mpangilio wa skopu, vichwa vinapanda darini na maandishi ya tafsiri yanaangukia kwenye pazia jeusi.

Tena, kuwasha taa majina ya waliotengeneza muvi yanapoanza kupita mwishoni na kuingiza mafagio ni dharau. Sinners ina kipande kizima katikati ya majina hayo, kinachoruka hadi mwaka 1992, na ndicho kinachofunga hadithi. Waliotolewa nje ndio wanaoandika kwamba mwisho haueleweki. Wana haki, hawakuuona.

Wenye vibanda umiza wa Igoma, Mabatini, Kirumba na visiwa vya ziwani, msicheke. Kwenu mtu anabonyeza kitufe cha kukuza picha ili ijae runinga. Nakala ya nyumbani ya Sinners ina sehemu pana za 2.76 kwa 1, yaani upana ni mara 2.76 ya kimo. Ukizikuza zijae runinga ya kawaida umekata zaidi ya theluthi moja ya picha. Michael B. Jordan anaigiza pacha wawili humo, Smoke na Stack, nanyi mnatuonyesha mmoja na bega la mwenzake. Acheni mistari myeusi juu na chini, haijaharibika!

Faili ikiwa na sauti ya spika sita nanyi mmechomeka waya mbili tu kwenda kwenye ampu, mazungumzo yanabaki ndani ya deki. Ingia kwenye mpangilio wa sauti, chagua stereo au 2.0. Maneno yanarudi hapo hapo.

Vibanda vya karibu na maji vina adui wa ziada, wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi. Wanafuata mwanga, feni inawavuta, wanaziba kichujio cha hewa, projekta inapata joto na kujizima. Fungua kifuniko, piga brashi kavu kila wiki, kila siku wakiwa wengi. Tazama pia saa za taa kwenye menyu: taa ikifikia saa ilizoandikiwa na kiwanda, mwanga umeshuka karibu nusu. Nakala za muvi zilizorekodiwa kwa simu ukumbini sina la kusema, msizionyeshe.

Na sisi watazamaji, kukaa kimya mpaka mwisho halafu kuja kulia mtandaoni hakusaidii. Toka nje ndani ya dakika kumi za kwanza, mfuate msimamizi, na usimwambie tu kwamba "muvi ni mbaya". Mwambie: "Ndugu, spika ya kati haitoi sauti, pandisheni iende 7, na kichujio cha 3D kitolewe kwenye lenzi." Akishindwa, mwombe hela yako palepale, muvi ikiwa bado inaendelea.