Dada yuko Muscat, baba amefariki ghafla jioni hii. Nimwambieje?

Ngamiani Kati
Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Baba amefariki leo saa kumi jioni, ghafla, asubuhi alikuwa mzima. Tuko Tanga, mazishi kesho baada ya adhuhuri. Dada yetu mkubwa yuko Muscat, anafanya kazi za ndani, na ana presha. Ami anasema asiambiwe mpaka tuzike, kwa sasa tuseme baba amelazwa. Mama hana maneno, analia tu. Nimeachiwa mimi. Nianzie wapi?

Kandambili
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana mkuu. Kabla ya yote, zuia kundi la familia la WhatsApp na status. Wapigie ndugu mmoja mmoja, wasiweke chochote mpaka useme wewe, hata ile picha nyeusi. Usiandike agizo hilo kwenye kundi, dada naye si yumo? Na usidhani litashika usiku kucha. Jirani mmoja akimwandikia "pole na msiba", basi tena.

Mzee wa Kanzu
Hilo la kusema amelazwa liacheni. Binti akiambiwa baba yake amelazwa atataka kuongea naye, atauliza wodi, atatuma hela ya dawa. Hela hiyo mtaipokea? Na presha haishuki kwa kukesha na wasiwasi. Ami ana nia njema, mjibu kwa adabu: "Ami, akisikia kwa mtu baki itakuwa vibaya zaidi. Nitampigia mimi, wewe uwe karibu umpe pole."

Kuna jingine ambalo wengi hawalifikirii. Kabla ya kuzika yatatangazwa madeni ya marehemu. Mtoto mkubwa mara nyingi ndiye anayejua mzee anadaiwa na nani na alikuwa na amana ya nani. Mkimficha, mnazika na deni ambalo yeye angelitaja.

Ngamiani Kati
Nimeelewa. Kwa hiyo nimpigie sasa? Hapa ni saa kumi na mbili na nusu.

Binti Pangani
Wao wako mbele kwa saa moja, kwa hiyo kule ni saa moja na nusu, wakati wa chakula cha usiku. Usimkute amesimama kwenye mafuta ya moto au amebeba mtoto wa watu. Kama una namba ya mama mwenye nyumba na wanaelewana, anza na huyo: mwambie kwa sentensi moja kilichotokea, amtoe jikoni, na awepo mtu wa kukaa naye. Kama hawaelewani, tafuta mwenzake Mtanzania wa karibu. Hayupo? Piga moja kwa moja, swali la kwanza liwe "uko wapi, unafanya nini?", la pili umwambie aache kazi, akae chini.

Piga simu ya kawaida kwenye namba yake ya +968. Simu za WhatsApp kule zina usumbufu, na laini ikikatika katikati ya neno ni mateso. Weka salio la maana, mazungumzo yatafika dakika ishirini. Usipigie chini ya turubai. Atasikia vilio nyuma yako kabla hujafungua mdomo. Nenda kwa jirani, ufunge mlango. Wala usimpigie mara kumi mfululizo asipopokea. Akikuta simu kumi zilizokosekana ameshajua, na atakuwa amejua akiwa peke yake.

Maneno yawe machache: "Dada, nina habari nzito. Baba amefariki leo saa kumi jioni." Sema amefariki. Ukisema "hali si nzuri" au "mzee ametuzidi nguvu" atashika tumaini, na itabidi umwambie mara ya pili. Halafu nyamaza. Akipiga kelele usikate, usimwambie ajikaze. Akitulia atauliza nini kilimpata, nani alikuwa naye, mama yukoje, mnazika lini. Majibu yawe tayari. Kama daktari hajasema sababu, sema hivyo hivyo, usibuni. Sababu ikibadilika kesho, ataanza kushuku mengine.

Mama aongee naye baada yako, asitangulie. Na muulize kama dawa ya presha ya leo ameshameza.

Dalali Mstaafu
Atauliza kama anaweza kuwahi. Uwe na hesabu: uwanjani masaa matatu kabla, ndege Muscat mpaka Dar masaa kama matano na nusu, halafu kilomita 350 hivi za barabara mpaka Tanga, masaa sita au zaidi. Hata apate ruhusa na tiketi, ndege ikichelewa kuondoka usiku huu, huenda akafika mnazika. Na pasipoti mara nyingi inakaa kwa mwajiri. Muulize ami KABLA ya kupiga kama mazishi yanaweza kusogea mpaka alasiri. Usimwahidi "tutakusubiri" halafu mkazika.

Habari za mchango, kimya. Kuna watu wanatoa tanzia na bajeti ya sanda kwa pumzi moja. Aibu.

Mzee wa Kanzu
Hata angekuwa hapa, kwa desturi yetu wanawake hawaendi makaburini. Anachokosa hasa ni kumuaga ndani, mzee akishaoshwa na kukafiniwa, kabla jeneza halijatoka. Mpigieni saa hiyo, mtu mmoja ashike simu, bando na chaji viwepo. Muulizeni kwanza kama anataka kuona au kusikia tu. Msimtumie picha ya maiti bila kuombwa. Na kwa madhehebu ya Shafii anaweza kumsalia sala ya ghaibu, yaani sala ya maiti aliye mbali, huko huko aliko.

Ngamiani Kati
Ami amekubali, ila mazishi hayasogei. Mama mwenye nyumba wanaelewana, nampigia huyo kwanza.

Kandambili
Sawa. Kabla hujakata, mwambie dada nani atampigia tena na saa ngapi: leo kabla ya kulala, kisha alfajiri. Mkishaongea ndipo uwaachie wengine waweke tanzia. Na muhtasari wa kikao cha mirathi ukiandikwa, jina lake liwemo na wenzake, asije akaachwa kwa kuwa yuko mbali.