Ushauri wa haraka: kamera ya DSLR kwa fahali wa Khayega, picha zote zimetikisika

Kijana_wa_Khayega (mwanzilishi wa uzi)
Mulembe wadau. Wenye uzoefu wa kamera nisaidieni, sina muda. Jumamosi hii fahali wanapigana huku kwetu Khayega, Kakamega, na kuna mzee mmoja anataka picha ya fahali wake akiwa kazini, sio akiwa amefungwa kwa mti. Anataka kuichapisha kwa bango kubwa la kuweka langoni. Nina Canon 700D na lenzi yake ya milimita 18-55. Jumamosi iliyopita nilienda kujaribu, nikarudi na picha tele na hakuna hata moja ya kumwonyesha mtu. Pembe ni michirizi, vichwa ni michirizi, watu waliosimama kando ndio wametoka safi. Na lenzi ina kile kidude cha kuzuia mtikisiko, nilikuwa nimekiwasha. Niweke mipangilio gani? Kuna mtu ameshawahi kutumia fleshi kwa fahali? Na msiniambie niende YouTube, nimetoka huko.

Baba_Tausi
Fleshi kwa fahali? Piga tu. Ila kabla ya hapo jipige picha moja nzuri umevaa koti, tuwe na ya kuweka kwa tangazo la mazishi.

Vumbi_la_Nakuru
Mimi niko Nakuru, fahali siwajui, lakini vumbi nalijua. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 nilienda Naivasha nikijiona mpiga picha wa magazeti. Kule kuna vumbi laini kama unga wa ngano, wanaliita fesh-fesh, gari likipita huoni hata mkono wako. Mimi hapo hapo kando ya njia nikafungua kamera kubadilisha lenzi. Mpaka leo nikipiga picha ya anga kuna vidoa, fundi amesafisha vikarudi. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: usibadilishe lenzi uwanjani.

Kijana_wa_Khayega
Nina lenzi moja tu.

Vumbi_la_Nakuru
Basi kwa upande wangu uko salama.

Fundi_Shata
Hicho kidude cha kuzuia mtikisiko kinatuliza mkono wako, hakimtulizi fahali. Ndiyo maana waliosimama wametoka safi. Kabla sijasema lolote: kasi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, ilikuwa ngapi? Ulisimama umbali gani? Tuma faili moja yenyewe, sio ile ya WhatsApp.

Kijana_wa_Khayega
Kasi sikumbuki. Nilikuwa nje na watu wengine lakini Jumamosi hii nitaingia ndani, hii lenzi ni fupi na wenye simu huwa wanaingia. Nimeweka faili hapo kwa kiungo.

Shangazi_Mbale
Watu wa mitambo mnaongea kamera tu, na hizo ngoma je? Fahali hatoki boma kimya kimya, anasindikizwa na ngoma ya isukuti alfajiri, filimbi, watu wanakimbia na matawi. Ngoma hiyo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na nyinyi mnaipita kutafuta pembe. Mpige yule mzee wa ngoma kubwa, jasho likimtoka kabla jua halijachomoza. Hiyo ndiyo picha ya bango.

Baba_Tausi
Shangazi, mwenye pesa anataka fahali. Mzee wa ngoma atalipia bango lake mwenyewe.

Mpelelezi_wa_Uzi
Samahani kuharibu raha. Nimefungua ile faili nikasoma maelezo yake ya ndani. Tarehe ni ya 2016. Saa ni nane na dakika kumi mchana. Jamani, ni nani hapa amewahi kuona fahali wakipigana Khayega saa nane mchana? Ikifika saa tatu watu wameshaenda kunywa chai. Halafu kuna pale pa kuandika jina la mwenye kamera, pameandikwa "IDARA YA VYOMBO NA SAUTI". Huyu ameokota picha ya watu mtandaoni, sasa anatutungia hadithi. Na mwezi wa pili akaunti hii hii ilikuwa ikiuliza bei ya cherehani ikasema ni fundi wa nguo wa kike Bungoma. Uzi ufungwe.

Baba_Tausi
Eeh! Fundi cherehani anayepiga picha fahali. Huyu ni mfanyakazi, mpeni maua yake.

Fundi_Shata
Mpelelezi, pole pole. Angalia picha yenyewe, usisome tarehe tu. Kuna umande kwa nyasi, ukungu nyuma, watu wamevaa majaketi na hakuna kivuli chini. Hiyo si saa nane mchana. Hiyo ni kamera ambayo hakuna aliyewahi kuiwekea saa. Cha kuaminika hapo ni namba za upigaji: shata 1/60 ya sekunde, tundu la kuingiza mwanga f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, lenzi kwa milimita 55. Na hizo zinalingana na asubuhi yenye ukungu. Aliyepiga alikuwepo. Swali langu ni lingine. Kijana, Idara ya Vyombo na Sauti ni nani?

Mpelelezi_wa_Uzi
Tunangoja.

Shangazi_Mbale
Ameingia akasoma akatoka. Nimemwona.

Kijana_wa_Khayega
Sijatoka, nilikuwa nachaji simu. Cherehani ni ya dada yangu, akaunti tunatumia sote wawili. Kamera ni ya kanisani kwetu. Mimi niko kwa idara, ndio hunipa kila Jumapili kurusha ibada mubashara, na kabati ufunguo ninao mimi. Kwa hiyo sio kama nimevunja mahali. Itatoka Ijumaa jioni na Jumamosi mchana imerudi, hakuna ibada itakayokosa. Kamera inalala wiki nzima, ikilala ndio inaharibika. Sasa turudi kwa mipangilio.

Mama_Ushirika
Mwanangu, hapana, haturudi kwa mipangilio. Ufunguo ulipewa wa kutunza, hukupewa wa kuchukua. Soma 2 Wafalme sura ya 6, yule kijana wa manabii aliyekuwa akikata mti, chuma cha shoka kikatumbukia Yordani. Kilichomliza ni kwamba kilikuwa cha kuazima. Na yule alikuwa ameomba! Wewe hata kuomba hujaomba. Mwambie mchungaji.

Baba_Tausi
Mama, lile shoka lilielea. Kamera ikikanyagwa na fahali haielei.

Vumbi_la_Nakuru
Kanisa lenu ni la Jumapili au la Sabato? Kama ni la Sabato hiyo Jumamosi imeshakula kwako.

Kijana_wa_Khayega
La Jumapili. Mama, heshima kwako, lakini nikimwambia mchungaji atasema hapana. Si kwa sababu ya kamera, ni kwa sababu fahali hawapendi, anasema ni mambo ya kamari. Na mzee ameshanipa arubuni, elfu sita kati ya elfu kumi na tano.

Mama_Ushirika
Mrudishie.

Kijana_wa_Khayega
Nimeshaitumia. Nililipa karo ya mdogo wangu, sikuenda kulewa. Kwa hiyo hapa tunaongea jinsi ya kufanya, sio kama nitafanya.

Mpelelezi_wa_Uzi
Dada ana cherehani, mdogo ana karo, mchungaji ana msimamo, mzee ana bango. Kesho tutaambiwa fahali ana mkopo. Mimi bado siamini, lakini endeleeni.

Fundi_Shata
Mambo ya kabati malizana na kanisa lako, na Mama amekwambia ukweli. Mimi nitajibu la kamera, kwa sababu usipojibiwa utaingia uwanjani na lenzi ya 18-55 utafute ukaribu kwa miguu.

Kwanza, nani alikufundisha ISO 400?

Kijana_wa_Khayega
Aliyenitangulia idarani. Alisema ikipita 400 picha inakuwa na chenga, zile punje punje.

Fundi_Shata
Chenga zinasameheka, mchirizi hausameheki. Hesabu ni hii. Kwa mwanga ule ule wa picha yako, ukitoka 400 ukaenda 800 shata inapanda kutoka 1/60 hadi 1/125. Ukienda 1600 ni 1/250. Ukienda 3200 ni 1/500, na hapo ndipo kichwa cha fahali kinaanza kusimama. 700D inafika 3200 bila kulia, na chenga zake kwa bango linalotazamwa kutoka barabarani hakuna atakayeziona. Weka kwa Tv, pale unapochagua shata na kamera inachagua tundu, chagua 1/500, ISO iweke 3200 kwa mkono. Huku karibu na ikweta jua halikawii kupanda, kwa hiyo ukungu ukiisha na mwanga ukajaa, teremsha ISO hadi 800 au 400 na upandishe shata hadi 1/1000. Usisahau hapo, wengi hupiga asubuhi nzima na mpangilio wa alfajiri.

Fokasi weka AI Servo, ile inayomfuata anayesogea, utumie kile kidoti cha katikati tu, kiweke kwa jicho au paji la uso, na ushikilie kitufe nusu kabla hawajagongana. Wakigongana, achilia mfululizo mfupi wa picha. Usingoje uone mgongano ndiyo ubonyeze, utakuwa umechelewa.

Fleshi sahau. Ile ya juu ya kamera haifiki mbali, na ikiwaka kamera yako haikubali shata kupita 1/200, kwa hiyo umerudi kwa michirizi. Na fahali hajaomba kumulikwa.

Kuhusu kuingia ndani: lenzi yako kwa 55, ukisimama mita 25, fremu inachukua upana wa karibu mita 10. Fahali wawili wakifungana pembe wanachukua kama nusu ya upana huo. Kata pembeni ubaki na nusu ya upana bila kugusa juu na chini, bado una kama megapikseli 9, na bango litatoka. Huna sababu ya kuvuka mstari. Tafuta ukingo wa udongo au mgongo wa pikapu, jua likiwa nyuma yako, na uangalie njia ya kutokea kabla ya kuangalia kamera.

Kijana_wa_Khayega
Hiyo ya mita 25 hakuna mtu alikuwa ameniambia. Lakini wenye simu wanaingia na wanatoka.

Shangazi_Mbale
Wanatoka siku wanayotoka. Anayeumiza watu si fahali anayepigana, ni yule aliyeshindwa akigeuka kukimbia. Hachagui njia. Umati wote unafunguka, na wewe jicho moja limefungwa, lingine liko ndani ya kamera. Mjomba wangu alikuwa mwenye fahali miaka yote ile na hajawahi kumsimamia mbele.

Baba_Tausi
Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Hawakumtaja mpiga picha kwa sababu enzi zao hakukuwa na mtu wa kusimama hapo.

Kijana_wa_Khayega
Sawa, ndani siingii. Kuhusu kanisa, nimempigia mwenyekiti wa vijana. Amesema hajui kitu, na kama hajui kitu basi hajakataa.

Mama_Ushirika
Huyo naye nipe namba yake.

Mpelelezi_wa_Uzi
Kama kweli kuna fahali, mtaje jina. Kila fahali wa kupigana ana jina na watu wa huko wanawajua wote. Hapo ndipo nitaamini.

Kijana_wa_Khayega
Mzee hataki jina litoke kabla ya Jumamosi. Ni mwekundu, pembe ya kushoto imeinama kidogo, anatoka upande wa Malinya. Anaanza wa pili.

Ikolomani_Damu
Nimekuwa nikisoma kimya tangu juzi. Huyo mwekundu wa pembe iliyoinama namjua, na uzi huu ni wa kweli kabisa. Ila hiyo 1/500 iongezeni, na fokasi iwekeni kwa mkia. Wa kwetu akimwona tu, huyo anarudi Malinya kabla kijana hajatoa kifuniko cha lenzi.