Kisima kimetoa maji ya chumvi Chamwino: tuchimbe kingine au tujenge tangi?

MamaZabibu:
Habari za jioni wakuu. Niko Chamwino, Dodoma, vijijini kabisa. Tulichangishana kama ukoo tukachimba kisima kirefu. Maji yamepatikana mengi, lakini chumvi tupu. Sabuni haitoi povu, maharage yanashinda jikoni hayaivi, watoto wanayakataa. Wachimbaji wanasema tulipie tena wajaribu sehemu nyingine, na mume wangu ameshaanza kukubali. Mimi naona hela hiyo tujenge tangi la mvua. Nyumba ina bati la mita 8 kwa 10, tuko sita. Ila jirani anasema mvua ya Dodoma haijazi tangi. Kuna pia korongo chini ya shamba: juu linakauka Juni, lakini wanawake wakifukua mchanga wanapata maji matamu mpaka Septemba. Naomba ushauri wa mtu aliyefanya, tafadhali.

Mgogo_halisi:
Shukeni chini zaidi kisima hichohicho. Na kwa sasa chemsheni tu, chumvi itapungua.

FundiKorongo:
Pole sana dada. Mimi ni fundi mwashi, najenga matangi Dodoma na Singida, na nimeshiriki kujenga kuta za kuzuia mchanga, zinazokatiza korongo ili mchanga ujae na ushike maji, huko Kitui, Kenya.

Mkuu hapo juu, kuchemsha hakuondoi chumvi. Mvuke unapaa, chumvi inabaki sufuriani, na madini ya floraidi yakiwemo yanabaki vilevile. Dada, kabla ya kumlipa mtu yeyote, peleka sampuli maabara ya ubora wa maji Dodoma mjini wapime chumvi na floraidi. Kwa maji ya kunywa floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto wanaokua yanaota madoa ya kahawia ambayo hayatoki tena. Na kushuka chini zaidi hakukuhakikishii maji matamu, kwa sababu maji yaliyokaa miaka mingi ndani ya mwamba ndiyo yaliyoyeyusha madini mengi.

Sasa hesabu ya bati. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati lako ni mita za mraba 80, na Dodoma tunapata kama milimita 550 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Hizo ni lita 44,000. Toa moja ya tano inayomwagika na kukauka, unabaki na lita 35,000. Mwonyeshe jirani hiyo hesabu. Mvua ipo, ila inakuja kwa mkupuo, kisha miezi saba hakuna kitu. Kwa hiyo tangi lipimwe kwa kiangazi: watu sita, lita 5 kila mmoja za kunywa na kupikia, ni lita 30 kwa siku. Mei mpaka Novemba ni kama lita 6,400. Jenga la lita 10,000, mvua ikichelewa msihangaike. Kufua na kuosha tumieni kisima, na mifugo pia kama vipimo vitaruhusu. Hicho kisima bado ni mali, msikifukie.

Jambo ninalokusihi sana: fundi asichanganye saruji kwa maji ya kisima hicho. Niliitwa kubomoa tangi moja lililokuwa linavuja. Nilipobandua plasta nikakuta wavu wa kuku, ule wa waya unaoshikilia plasta, umegeuka unga mwekundu, unausugua kwa kidole unaanguka. Lilikuwa limejengwa kwa maji ya chumvi. Tumia maji ya korongo, jengeni wakati bado yapo. Plasta ikikauka juu tu, lifunikeni kwa magunia na kuyamwagilia asubuhi na jioni, wiki mbili au zaidi. Watu wanabana maji hapo kwa sababu ni kiangazi, tangi linapasuka nyufa kama nywele, na hela ya familia inapotea. Inaniuma kila nikiliona.

Weka pia bomba la kumwaga mvua ya kwanza, ndiyo inayoosha vumbi na kinyesi cha ndege.

MamaZabibu:
Asante sana fundi, Mungu akubariki. Nimemsomea mume wangu, kesho anapeleka chupa mjini. Na korongo je? Tukijenga ukuta wenyewe kwa mawe, maji yatakaa?

FundiKorongo:
Inategemea mchanga, dada. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze mchanga mkavu wa korongo, mimina maji mpaka yafike juu, kisha toboa chini uyakinge. Yakitoka lita 5 au 6, mchanga ni mzuri. Yakichuruzika kidogo tu, ni tope, ukuta utakuwa kazi bure.

Halafu chukua nondo ndefu, igongelee mchangani kila baada ya hatua kadhaa, kiangazi kikiwa kikali. Unatafuta mwamba unaokatiza korongo kutoka kingo mpaka kingo, na mchanga wa kina kirefu ulioloa upande maji yanakotoka. Ukuta usiokaa juu ya mwamba, maji hupita chini yake. Angalia na mikuyu: ikisimama ya kijani Oktoba, chini kuna maji.

Msianze kupanga mawe kabla ya kwenda ofisi ya bonde la maji, kuziba mto kunahitaji kibali, na walio chini yenu nao wanalitegemea korongo hilo. Kama mwamba haupo, kisima kifupi cha pete za zege pembeni ya ukingo kitawatosha. Fanyeni kipimo cha ndoo, uniandikie hapa lita ngapi zimetoka.