Yule fundi antena wa ngazi ya bluu, safari hii kanivua nguo mbele ya mama mkwe

Kibo Mkavu (mwenye uzi):
Wakuu, naandika mikono inatetemeka na chai sijanywa. Simtaji. Sina haja ya kumtaja, ukikaa hapa Moshi, Pasua, Majengo au Njoro, unamjua. Ngazi ya bluu, pikipiki haina saiti mira. Huyo huyo.

Ile mvua ya juzi kila mtu anaijua. Upepo ule ungembeba mtu mzima pamoja na madeni yake. Naamka asubuhi, antena imegeuka, inatazama mlimani kama inasubiri wazungu washuke. King'amuzi kinaandika hakuna mawimbi. Na ndani yupo mama mkwe, kashuka toka Kibosho kukaa siku tatu, siku ya kwanza tu kaniuliza mara nne tamthilia yake ya Kituruki inaanza saa ngapi.

Nikampigia jamaa. Kasema saa tatu, kaja saa tisa. Kapanda. Saa nzima yuko juu ya bati langu, anageuza antena, anapiga kelele "imeshika?" Nami chini, "bado." "Na hapo?" "Bado." "Sasa je?" "BADO!" Mtaa mzima ukajua kwangu TV haishiki, mpaka mtoto wa jirani akawa ananisaidia kujibu.

Ndipo akalala kifudifudi pale ukingoni, akaning'iniza kichwa mpaka usawa wa dirisha la sebuleni kama popo, akamwambia mama mkwe. Si mimi. MAMA MKWE. "Mama, TV haina shida. Mwenye chenga ni huyu mkweo."

Mama mkwe akacheka. Yule mama hajacheka tangu siku tunapeleka mahari! Kacheka mpaka kitenge kikamdondoka begani.

Halafu kashuka, picha hakuna, anataka elfu 30. Elfu thelathini! Paa langu lina mita 5,895? Yeye ni mgumu, mbeba mizigo ya watalii Kilimanjaro njia ya Machame?

Mwenye chenga ni huyu mkweo. Jamani.

Pasua Kwetu:
Nimecheka kama mazuri. Pole mkuu. Ila umemlipa?

Kibo Mkavu:
Nimempa 20. Mama mkwe kasema "mlipe mtoto wa watu, kapanda juu." Kapanda juu! Hata paka hupanda juu.

Mama Wawili:
Huyo kaka mimi alinitoboa bati mwaka jana. Nikamuuliza, akasema lilikuwa limetoboka kiroho, yeye kamalizia tu. Mvua ikinyesha natega ndoo mbili na hotpoti.

Nusu Mbege:
Yaani una mama mkwe, una sebule, una king'amuzi, halafu unalia. Wengine tunaangalia mpira dirishani kwa jirani, akifunga pazia ndiyo mapumziko.

Mzee wa Redio:
Sahihisho. Chenga, zile punje za kwenye picha, zilikuwa za analojia, matangazo ya kizamani, na analojia ilianza kuzimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012 hadi ikatufikia na sisi. Digitali haina chenga. Ama picha inakuwa safi, ama inakatika vipande na kuganda, ama hupati kitu kabisa. Kwa hiyo kitaalamu fundi alikosea.

Kibo Mkavu:
Asante sana mzee. Nitamwandikia mama mkwe barua kwamba mkwe wake kitaalamu hana chenga, ameganda tu.

Mzee wa Redio:
Usinikasirikie kijana, sikiliza. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, kuna mistari miwili, nguvu ya mawimbi na ubora. Nguvu ikiwepo ila ubora uko chini, geuza antena taratibu na umpe king'amuzi sekunde kadhaa kila ukigeuza, hakijibu papo hapo kama TV za zamani. Ndiyo maana ya "na hapo, na hapo" kutoshika. Vyote vikiwa sifuri, hata ukigeuza mpaka Krismasi ni bure: busta, kile kikuza mawimbi cha kwenye antena, imekufa au waya una maji. Busta inakula umeme wa kile kiadapta cha ndani, radi ikipita jirani inaondoka nayo. Na fungua kichwa cha waya kule kwenye antena. Shaba ikiwa ya kijani, kata kama shubiri moja, menya upya, na hakikisha nyuzi za nje hazigusi ule msumari wa katikati. Usipande bati likiwa bichi.

Pasua Kwetu:
Mzee, mbona hukusema mapema? Mtu kashavuliwa nguo.

Chalii wa Sakina:
Moshi mnapenda kulia. Huku Chuga, Arusha, fundi akiongea ujinga tunaondoa ngazi, anakaa juu mpaka apate adabu.

Nusu Mbege:
Chuga mna ngazi? Nilidhani zote mmeshauzia watalii.

Binti wa Rau:
Bora yako fundi antena. Mimi nina fundi cherehani, mnamjua, wa kibarazani mwenye redio. Nimempelekea kitenge cha harusi ya dada mwezi wa tatu. Juzi nampitia, mke wake kakivaa. Naambiwa "alikuwa anakijaribia."

Mama Wawili:
Weeee! Wa redio kubwa? Huyo sare ya mwanangu kashona mfuko mgongoni.

Chalii wa Sakina:
Mfuko mgongoni wa nini sasa?

Mama Wawili:
Nami ndicho nilichouliza. Kasema ni begi.

Kibo Mkavu:
Wakuu, mrejesho. Bati limekauka, nimepanda mwenyewe. Shaba ni kijani kama mchicha. Nimekata shubiri, nimemenya, ubora umeruka mpaka juu, picha kioo kabisa. Saa nzima yule mtu alikuwa anageuza antena na kichwa cha waya hakukigusa! Ila mama mkwe kaondoka na daladala ya saa nne. Kaaga watoto, mimi kaniambia "baki salama, chenga."

Pasua Kwetu:
Binti wa Rau, harusi yenyewe lini?

Binti wa Rau:
Jumamosi hii. Nimempa hadi kesho jioni. Kaniambia nilete uzi mwenyewe.

Nusu Mbege:
Na mke wake je, kaalikwa? Maana nguo anayo.

Binti wa Rau:
Kaalikwa. Ni binamu wa bwana harusi.