Nawashukuruje hawa watu wa farasi wa mwanangu?

MamaKijana_Leicester
Assalam aleikum wapendwa, naombeni ushauri, jambo hili limenikaa moyoni tangu Alhamisi.

Mwanangu ana miaka saba, ana mtindio wa ubongo, miguu imekaza hasa wa kulia, anatembea kwa fremu. Tangu mwaka jana kila Alhamisi anapanda farasi kwenye kikundi kimoja hapa kwetu kilicho chini ya RDA, ile jumuiya ya Uingereza ya kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu, ipo tangu 1969 na rais wake ni Princess Anne. Mwanzo niliogopa mno, sisi wa Mombasa tumezoea punda na ngamia wa ufukweni, farasi ni wa kumtazama kwa mbali. Sasa Alhamisi kateremshwa, akashika tandiko akasimama, nikaangalia chini nikaona visigino vyote viwili vimegusa ardhi. Vyote viwili jamani! Nililia pale pale.

Lakini lililonifanya niandike ni jingine. Siku hiyo tulifika mapema, mvua inanyesha, nikamkuta mama mmoja mtu mzima, miaka sabini imempita, anasukuma wilbaro la mavi ya farasi. Mwaka mzima nilikuwa namwona nikidhani ni mfanyakazi wa pale. Nikamuuliza, akaniambia halipwi hata senti, anakuja mwaka wa kumi na tisa huu, saa kumi na mbili asubuhi yuko bandani. Na mie hata jina lake sikuwa nalijua. Halafu nikaanza kuhesabu: mwanangu akiwa juu kuna anayeshika kamba mbele, kuna wawili pembeni huku na huku, na mwalimu katikati. Watu wanne kwa mtoto mmoja, nusu saa nzima, wote wa kujitolea, na mie siku zote nashukuru mwalimu na kumpapasa farasi nikaenda zangu.

Kwetu mtu akikutendea hivi unampelekea chakula, unampelekea leso. Huku sijui. Pesa watachukua? Nikipika mahamri na mbaazi watakula? Walio na uzoefu nisaidieni.

BintiTanga
Dada yangu pole na hongera kwa pamoja, hivyo visigino vimenitoa machozi hata mimi.

Mimi niko huku huku Uingereza na ni mmoja wa hao wa pembeni, mwaka wa tatu sasa. Nikwambie ukweli kazi ile mkono unachoka, umeuweka juu ya paja la mtoto muda wote na macho huyatoi kwake, akiegemea kidogo tu wewe ndo ukuta wake. Lakini sisi tunamwona mtoto nusu saa basi, akiondoka getini hatujui tena kinachoendelea. Kuna mama alituletea video ya mwanawe amekaa mezani anakula bila kushikwa mgongo, tuliiangalia sote tumesimama kwenye matope, mpaka leo tunaisema. Kwahiyo waambie ya nyumbani. Andika karatasi, useme zamani ilikuwa hivi sasa iko hivi, na utaje majina, ulizia ya wote hata wa bandani.

Pesa usimpe mtu mkononi, ingiza kwenye mfuko wa kikundi, watashukuru sana maana farasi hana likizo, majani makavu anakula kila siku na fundi wa kwato anakuja kila wiki sita hadi nane. Mahamri pika, tena mengi.

Viungo_Dar
Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, naomba niongeze kwenye hiyo habari ya visigino, maana inahusu hao hao watu unaotaka kuwashukuru.

Farasi akitembea, mgongo wake unasogea mbele na nyuma, kushoto na kulia, na unazunguka kidogo, na nyonga ya aliyekaa juu inafuata karibu vile vile inavyosogea mtu akitembea kwa miguu yake. Mtoto ambaye hajawahi kutembea sawasawa anapata kuuhisi mwendo huo mwilini. Tena amekaa miguu imetanuka, mwili wa farasi una joto, misuli ya ndani ya mapaja inalegea. Ila ule ulegevu haudumu, mazoezi ya kunyoosha nyumbani usiache mama.

Sasa mwendo ukiwa wa kushtuka shtuka mtoto anakaza zaidi. Huyo anayeshika kamba mbele, ambaye watu wanamwona kama anaongoza tu mnyama, ndiye anayeshika mwendo usiharibike.

Tafuteni pia habari za Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimpata 1944, chini ya magoti akapooza, lakini 1952 kule Helsinki akachukua medali ya fedha ya Olimpiki akiwa juu ya farasi wake Jubilee, na 1956 akaichukua tena. Kupanda na kushuka alikuwa anasaidiwa. Jina lake tunalo, ya waliokuwa wanamnyanyua mimi sijawahi kuyasikia yakitajwa.

Kijana_wa_Likoni
Mahamri yana tui la nazi, uliza kwanza kama kuna mwenye aleji. Na farasi usimpe kitu bila ruhusa. Mungu akukuzie mwanao.

MamaKijana_Leicester
Nimerudi. Shukran nyote, nyote kabisa.

Nilipika mahamri hamsini, hayakubaki. Karatasi niliandika usiku nikayaweka majina yote kumi na moja, na nikaandika kwamba mwanangu sasa anavaa suruali mwenyewe akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, zamani alikuwa anaanguka upande. Yule mama wa wilbaro alipewa karatasi na mwanangu mwenyewe. Akavua glavu, akasoma amesimama pale bandani, akafika kwenye jina lake akasoma mara ya pili. Kisha akaibandika ukutani juu ya pale wanapotundika hatamu.

Nimewaomba na mie niingie. Wameniambia nianze Alhamisi ijayo, kwanza kufagia, farasi wanizoee, kamba baadaye. Mabuti nimeshanunua.