Satelaiti ndogo zinarushwa kwa mafungu, kazi ya kuzitambua wanaachiwa watu wa redio za ridhaa. Hii ni sawa?

Mtoa mada:
Wakuu salama? Kuna jambo linanikera muda mrefu, naomba tulijadili bila matusi. Siku hizi roketi moja inapanda na satelaiti mia na ushee, Transporter-1 ya SpaceX Januari 2021 ilibeba 143, na Wahindi Februari 2017 walishapandisha 104 kwa roketi yao moja ya PSLV. Zikiachiwa huko juu zinatoka zimefuatana, nyingine ni kiboksi cha sentimita 10 tu kila upande. Rada za jeshi la Marekani zinaziona, ila rada inahesabu vichwa, majina haina. Kwahiyo kwenye katalogi, ile orodha ya vitu vinavyozunguka huko juu, zinaandikwa OBJECT A, OBJECT B, herufi zikiisha wanaanza AA, AB, na ipi ni ya nani inabaki kitendawili siku kadhaa, saa nyingine wiki.

Sasa nani anakuja kusema hii OBJECT fulani ni ya chuo fulani? Mara nyingi ni jamaa wa redio za ridhaa, yaani anafanya redio kwa kupenda tu, ana antena ya yagi (ile ya vijiti kama ya TV) na kidude cha SDR, redio inayoendeshwa na programu ya kompyuta, cha kuchomeka kwenye USB, halipwi hata senti. Kwa wasiojua inavyofanyika, satelaiti inakupita kwa kasi ya kama kilomita 7.5 kwa sekunde, ikiwa inakuja masafa yake unayapokea yamepanda kidogo, ikikupita yanashuka, ndo ile dopla. Kwenye 437 MHz inafika kama kilohezi 10 kila upande. Kwenye skrini unaona mstari umejikunja mfano wa herufi S, na pale katikati unapoanguka kwa ghafla zaidi ndo muda satelaiti ilikuwa karibu yako kabisa. Ukishaipata sekunde ile unaanza kulinganisha na kila OBJECT ya kwenye katalogi, hii ilipita sekunde 20 kabla, toa, hii sekunde 4 baadae, toa, hii inakubali, weka pembeni usubiri ipite tena. Kosa la sekunde moja ni kilomita saba na nusu, na siku za mwanzo zinakuwa zimebanana kiasi kwamba unaweza kumpa mtu satelaiti ya jirani yake. Ndo maana mtu wa bara lingine anapima na yeye halafu mnabishana mpaka namba zikubaliane.

Kinachoniudhi ni hiki, kuna wenye satelaiti hawatangazi masafa, hawasemi data zao zimepangwaje, mtambo ukikaa kimya ndo wanakuja mbio "jamani kuna aliyesikia chochote?" Mi nasema iwe sharti la leseni kila nchi: kabla ya kuruka, masafa, modulesheni (namna data inavyobebwa kwenye mawimbi) na namna ya kusoma telemetria (taarifa za hali yake inazotuma chini) viwe hadharani, na satelaiti ijitaje yenyewe kwa kolisaini, yaani jina lake la redio, kila baada ya muda. Hujatangaza, huruki.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu unawalilia watu ambao wenyewe hawalii. Hii kazi ni raha yao toka Sputnik 1 mwaka 1957, Warusi waliiweka 20.005 MHz na watu wakaisikia wenyewe kwa redio zao. OSCAR 1, satelaiti ya kwanza ya wanaridhaa, Desemba 1961 ilikuwa inatuma HI tu kwa alama za Morse, na wanaridhaa zaidi ya 570 wa nchi 28 wakatuma ripoti. Sheria gani iliwasukuma? Scott Tilley mwaka 2018 alikuwa anatafuta satelaiti ya siri ya Marekani akakutana na satelaiti ya IMAGE ya NASA, wenyewe walipoteza mawasiliano nayo toka Desemba 2005! Ukianza kuweka mikataba na masharti unaigeuza ajira, na kanuni za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, zenyewe zinasema huduma ya ridhaa haina maslahi ya kifedha.

Mtoa mada:
Soma tena taratibu mkuu, hakuna mahali nimesema walipwe. Sharti namwekea mwenye satelaiti, msikilizaji hata simgusi. Alafu huo mfano wa IMAGE unanibeba mimi, yule jamaa aliitambua kwa sababu obiti yake ilikuwa kwenye katalogi kwa jina lake, akalinganisha dopla ikakubali. Ingekuwa ni OBJECT AQ isiyo na mwenyewe angelinganisha na nini?

Mchangiaji wa 2:
Mi niko upande wa wanaotengeneza, tumewahi kurusha moja ya wanafunzi, kwahiyo nisikilizeni kidogo. Masafa tulitangaza mapema sana, maana ukitaka ya ridhaa unapitia uratibu wa IARU, umoja wa kimataifa wa wanaridhaa, na wao wanayaweka wazi. Fomati tukaweka, hadi programu ya kusomea data tukaiachia bure. Stesheni za SatNOGS, hizi za mradi huria wa Libre Space Foundation ya Ugiriki, zikawa na rekodi yetu kabla stesheni yetu haijaipata ikipita juu yetu vizuri kwa mara ya kwanza. Tatizo letu halikuwa hapo. Tatizo lilikuwa namba za obiti na saa ya kuachiwa, hizo anazo mwenye roketi na yule aliyefunga mitambo ya kuachia, na sisi zilitufikia zimechelewa na zina makosa, tukawa tunaelekeza antena hewani patupu wakati betri huko juu inaisha.
Mwenye roketi anajua nani alitoka wa kwanza, nani wa kumi, kwa spidi gani na kuelekea wapi. Akiziweka wazi siku hiyo hiyo, kazi ya wiki inakuwa ya siku mbili tatu. Sasa sharti lako mkuu linatubana sisi wa bajeti ya kuokoteza, yeye anapita.

Mtoa mada:
Hapo umeniongezea, na yeye awemo. Karatasi mbili basi, yako ya masafa na fomati, yake ya mpangilio wa kuachia.

Mchangiaji wa 3:
Na za kijeshi nazo zitajitaja jina? 😂 Alafu msisahau kampuni za biashara zinazojipenyeza kwenye 435 mpaka 438 MHz na kusimba data, wakati kwenye masafa ya ridhaa ITU imekataza kuficha maana ya unachotuma, kilichoachwa ni amri za kuiongoza satelaiti tu. Sheria mnayoitaka nusu yake ipo tayari, haisimamiwi.

Mtoa mada:
Za kijeshi ziacheni, wana rada zao. Kuhusu kusimamia, inawezekana. Kampuni ya Swarm walinyimwa kibali na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kwa satelaiti zao za SpaceBEE kwamba ni ndogo mno kufuatilika, wakazirusha hivyo hivyo Januari 2018, wakalimwa dola 900,000.

Mchangiaji wa 1:
Na zikashushwa? Faini haishushi satelaiti mkuu. Walilipa, zikabaki zinazunguka.

Mtoa mada:
Ndo nasema izuiwe kwenye mlango wa roketi, asiye na karatasi mzigo wake usipakiwe. Mwenye roketi akikosana na mteja wakosane chini huku, sio sisi tuje kutafuta nani ni nani wakati mtu wa satelaiti nyingine anataka kujua ampigie nani simu maana njia zao zinakaribia kukutana.

Mchangiaji wa 2:
Sawa, tuseme imepita. Mtu kaandika kwenye karatasi 437.2 na fomati safi, huko juu anarusha kingine kabisa. Nani atakayegundua? Maana rada haisikii, na mamlaka nyingi za leseni hazina hata yagi moja juu ya paa. Ni haohao wa redio za ridhaa, na safari hii mmewapa na upolisi juu.