MJADALA: Muuguzi wa wodini amkague mgonjwa kwa mikono, au aishie kwenye presha na joto?

Mpwa wa Makorora

Jamani, habari za huko. Kuna jambo linanikereketa, nalileta kabla halijapoa.

Baba yangu mkubwa kapasuliwa ngiri majuzi, hospitali moja hapa mkoani Tanga. Siitaji, sikuja kumchongea mtu. Alichomwa ganzi ya mgongo, operesheni ikaenda salama. Usiku akaanza kuhangaika. Mara ageuke, mara ashike ukuta, tumbo, tumbo. Muuguzi alikuja mara tatu, kwa adabu kabisa. Akapima presha, akapima joto, akaandika, akampa dawa ya maumivu. Namba zote nzuri.

Asubuhi ikaingia zamu nyingine na sista mtu mzima. Mashine hata hakuigusa. Alifunua shuka, akatazama, akalaza kidole chini ya kitovu na kukigonga kwa kidole cha mkono wa pili, kama muuza mafenesi pale soko la Mgandini. Akauliza, "Baba, tangu jana umekojoa?" Wapi! Wakamwekea mpira, mkojo ukashuka zaidi ya lita moja. Baba mkubwa alisinzia hata hawajamaliza kubandika plasta.

Hoja yangu: kila zamu inapoingia, muuguzi amkague mgonjwa kwa macho, mikono na masikio. Asiyejua afundishwe hukohuko wodini. Najua wapo wanaosema hiyo ni kazi ya daktari. Haya, semeni.

Nesi wa Usiku

Mpe pole baba mkubwa. Ila dada, unatuonea kidogo. Usiku wodi yetu tuko wawili, na wagonjwa wengine wako chini kwenye magodoro. Sindano za saa sita nikizimaliza ni saa nane. Nimgonge nani tumbo?

Na kuna jingine nyie wa nje hamlijui. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisikiliza kifua cha bibi mmoja, chini upande wa kulia kukawa kunakwaruza, kama nywele unazisugua kwa vidole karibu na sikio. Nikampigia daktari wa zamu. Akaniuliza, "Nani kakutuma usikilize?" Tangu siku hiyo stetoskopu yangu ni ya presha tu.

Tabibu wa Chumbageni

Nitasema lisilopendwa. Sauti za kifua zinanichanganya hata mimi niliyezisomea. Watu wawili wakisikiliza kifua kimoja wanaweza kupishana. Sasa kila muuguzi akianza kusikiliza, usiku mzima nitaitwa kwa mikwaruzo. Ile mashine ya kidoleni ya kupimia oksijeni haina ubishi. Muuguzi anipe namba sahihi, nitakuja mbio.

Mwalimu Mstaafu, Raskazone

Tabibu mwanangu, hapo kwenye "haina ubishi" nakukatalia. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha namba za kidoleni na kipimo cha damu yenyewe. Kwa wagonjwa weusi, mashine iliwaficha walioishiwa oksijeni karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Na huku kwetu wodi ni ya weusi. Kwa hiyo itumie, lakini mfungue mgonjwa mdomo umtazame ulimi kama umegeuka bluu, kisha uhesabu anavyopumua. Dakika nzima, si robo dakika ukazidisha kwa nne.

Na hiyo namba sahihi unayoidai! Mafaili niliyokagua mimi, kupumua kulikuwa 20, 20, 20, kitanda cha kwanza mpaka cha mlangoni. Wodi nzima inapumua kwa amri moja kama gwaride. Hakuna aliyehesabu pale. Na kupumua ndiko hubadilika mapema mgonjwa anapoanza kuharibika, mara nyingi presha ikiwa bado inang'aa.

Kuhusu "kazi ya daktari", mimi hunishangaza. Sheria yetu ya mwaka 2010 ni ya uuguzi na ukunga pamoja. Mtu huyohuyo akiwa leba anapapasa tumbo, anakwambia kichwa kiko wapi na mgongo uko wapi, anasikiliza mapigo ya mtoto kwa kile kipaza cha mbao. Mama akishajifungua, anaupapasa mji wa mimba kama umekaza. Kibofu kikijaa anajua, maana huusukuma mji pembeni na damu haikati. Hakuna daktari anayemuuliza nani kakutuma. Mhamishe wodi ya wanaume wiki moja, mikono inakufa ganzi.

Tena baba mkubwa alichomwa ganzi ya mgongo. Ganzi hiyo hukilaza na kibofu. Swali la mkojo lilitakiwa kuulizwa jioni, na halina gharama hata ya shilingi.

Mzee wa Ngamiani

Asalaam aleikum. Mmesema yote, mmeisahau stara. Mke wangu alilazwa, akaja kijana wa kiume kutaka kumfunua tumbo, kitanda kimepakana na kitanda, watu wanaangalia wagonjwa wao. Nilikataa na nitakataa tena. Haya mnayoyapigia debe yatawafukuza wanawake wa huku hospitalini.

Mwalimu Mstaafu, Raskazone

Waaleikum salaam, mzee wangu. Umesema kweli, na mafunzo yasiyoanza na stara nayapinga mimi wa kwanza. Muombe ruhusa, vuta pazia, funua unapopapima tu, pengine pafunike kwa kanga. Akitaka mwanamke, aitwe mwanamke. Pazia likikosekana, hata shuka lishikwe na ndugu wawili.

Ila ujue hiyo stetoskopu yenyewe imezaliwa na haya. Laennec, daktari wa Paris, mwaka 1816 aliona vibaya kulaza sikio kwenye kifua cha binti. Akakunja karatasi ikawa bomba, akasikilizia hapo. Akasikia vizuri kuliko zamani!

Mama Selimundu, Mikanjuni

Samahani, mimi si mtaalamu. Mwanangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Niliambiwa kliniki kwamba damu inaweza kujaa kwenye wengu ghafla mtoto akapoteza maisha ndani ya saa chache. Nikafundishwa kumpapasa chini ya mbavu za kushoto, vidole vimelala, mtoto anapovuta pumzi. Kila asubuhi kabla ya chai nampapasa. Nikaambiwa Jamaica akina mama walifundishwa hivyohivyo, na vifo vya namna hiyo vikapungua sana.

Mimi nimeishia darasa la saba. Sasa Tabibu, unaniambia mwenye stashahada hawezi?

Tabibu wa Chumbageni

Shangazi, umenibana. Sikusema hawezi. Nasema akiweza lazima niwe tayari kumsikiliza, na kweli wenzangu wengine hatuko tayari. Nesi wa Usiku, yule aliyekujibu vile alikosea. Lakini suala la wauguzi wawili wodi nzima bado lipo palepale, mafunzo hayazai watu.

Nesi wa Usiku

Asante kwa hilo, Tabibu. Mwalimu, tuseme nimekubali. Wagonjwa wangu nitawamalizaje?

Mwalimu Mstaafu, Raskazone

Usiwamalize. Wakati wa kukabidhiana zamu mnapita kitanda kwa kitanda, sivyo? Chagueni jambo moja kwa wiki, muuguzi mzoefu alionyeshe kwa mgonjwa mmoja, dakika kumi, wengine wajaribu. Wiki hii kuhesabu pumzi, ijayo kibofu. Tumbo macho kwanza, halafu sikio, mkono mwisho, maana ukiliminya kwanza unalivuruga sauti. Kucha ziwe fupi. Usiku huo anza na waliotoka chumba cha upasuaji na yeyote ambaye ndugu zake wanasema "leo hayuko sawa". Hao hawawi wengi.

Nesi wa Usiku

Na nikishika kitu, nakiandika wapi? Chati yetu ina safu ya presha, joto, mapigo na kupumua. Ya tumbo haipo.

Mwalimu Mstaafu, Raskazone

Kwenye maelezo ya uuguzi, nyuma. Saa, ulichokiona, ulichokishika, uliyempigia na alichokujibu. Hicho cha mwisho usikiache, hata akikujibu vibaya.